Ramani ya Shamba Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa wembe. Mchoraji Mkuu wa shamba la mkonge, Mzee Mbena, alinikalisha kwenye stuli ndefu mbele ya meza iliyoinama, akaniwekea ramani ambayo mtu mwingine alikuwa ameidondoshea wino, akaniambia nilikwangue lile tone bila kutoboa karatasi. Nilikwangua tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilipomaliza aliiinua dirishani, akaitazama kwenye mwanga.

"Umetoboa mara mbili," alisema. "Kesho utaanza upya."

Kazi ya wembe niliifanya wiki tatu. Nilikuwa binti wa Chanzuru, nimemaliza kidato cha nne, nina alama nzuri za jiometri, na baba yangu aliamini kwamba mtu akiingia ofisini amekwisha kuokoka na jembe. Jioni nilirudi nyumbani kwa baiskeli na shingo inaniuma kuliko ya mtu aliyeshinda anapalilia mpunga, lakini sikumwambia.

Ninyi vijana mnaochora kwa kompyuta huenda hamjui chumba cha uchoraji kilivyokuwa. Chetu kilikuwa karibu na Kimamba, ndani ya majengo ya shamba la umma, na madirisha yake yalitazama kusini ili jua lisituchome macho. Tulichora kwa wino kwenye karatasi ya tresing, ile inayopitisha mwanga. Tukitaka nakala, tuliipitisha pamoja na karatasi ya dawa kwenye mashine ya amonia, na harufu yake ilitutoa machozi. Mstari mnene ulikuwa mpaka, mwembamba ulikuwa njia, wa nukta nukta ulikuwa kitu ambacho watu wamekubaliana lakini bado hakijajengwa. Mzee Mbena hakuruhusu mazungumzo tunapochora mistari mirefu. Alisema mkono unasikia mdomo unavyosema.

Vipimo vyote tulivyochora vilitoka kwa Mpimaji wa Shamba, Bwana Rafaeli. Yeye alishinda porini na darubini yake ya kupimia na watu wa kushika mnyororo, na kila Jumamosi kitabu chake cha vipimo kililetwa mezani kwetu na dereva wa trekta. Mwandiko wake niliujua miezi minne kabla sijauona uso wake. Tarakimu zake zilikuwa ndogo, zimesimama wima, na pembeni alichora vijipicha vya alama alizopita, mti, daraja, kichuguu. Siku aliyoingia ofisini mwenyewe, mrefu, buti zimejaa tope, nilimwamkia shikamoo, akaniambia, "Marahaba. Wewe ndiye unayeandika saba yenye mkia?" Nikasema ndimi. Akasema anaipenda, niendelee nayo.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye porini na mimi mezani. Katika miaka hiyo niliolewa, nikapata watoto wawili, mume wangu akafariki kwa ugonjwa wa kifua, nikarudi kwenye ile stuli. Sikuwahi kukosea vipimo vya Bwana Rafaeli, na yeye hakuwahi kuniletea kipimo ambacho hakukitembea kwa miguu yake.

Kati ya ramani zote nilizochora, moja ndiyo nitakayoieleza. Upande wa kusini wa shamba kulikuwa na kipande kilichoitwa Namba Saba, na mwisho wake lilikuwepo lambo lililochimbwa zamani kukusanya maji ya mvua. Wafugaji wa uwandani walilitegemea kunyweshea, na wakulima wa vitongoji viwili vya jirani walichota hapo kiangazi. Ng'ombe wakawa wanapita kwenye mkonge mchanga na kuukanyaga. Meneja wa Shamba, badala ya kuweka askari, aliwaita wazee wakakaa, wakakubaliana njia moja ya mifugo ipite Namba Saba mpaka majini. Bwana Rafaeli aliipima, mimi nikaichora kwa mstari wa nukta nukta. Mzee Mbena aliiangalia ramani ile, kisha akaipeleka kwenye amonia bila kuomba wembe. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Zikaja zama za ruksa. Maduka ya Kilosa yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi, vitenge na redio. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi. Lakini mkonge ulikuwa umekosa soko, mashine zikachakaa, na mashamba ya umma yakaanza kutafutiwa wamiliki wapya. Neno la siku zile lilikuwa kupunguzwa. Asubuhi moja tuliitwa uwanjani, majina yakasomwa, na la Mzee Mbena lilikuwa la tatu. Alirudi chumbani, akazifuta kalamu zake moja moja kwa kitambaa, akazipanga kwenye kasha, akatuaga kwa mkono kila mmoja. Hakuvuka mwaka.

Bwana Rafaeli aliondoka siku hiyohiyo. Aliniambia anakwenda Mikumi, ana ndugu yake pale barabarani. Tulisimama mlangoni. Mwisho alisema, "Basi, Bi Hadija, ile saba usiikate mkia." Akapanda lori la mbao. Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa, ingawa hapakuwa tena na kazi.

Nilifuma vikapu, nikauza maandazi stesheni, nikalima. Baadaye kampuni ya binafsi ya upimaji ilifungua ofisi mjini Kilosa, chumba kimoja chenye feni na kompyuta mbili, wakatafuta mtu anayejua ramani. Meneja wake alikuwa kijana kuliko mimi, msomi, mtu wa heshima, aliyeniamkia kila asubuhi. Alinifundisha kushika kipanya. Mkono uliozoea kalamu ulihangaika, mshale unakimbia huku na mimi ninautaka kule, lakini baada ya miezi mitatu nilichora kwa siku moja kazi ya wiki mbili. Sitawadanganya kwamba niliichukia kompyuta. Niliipenda. Kilichonisumbua ni kwamba nilipomaliza mstari mrefu hapakuwa na mtu wa kuuinua dirishani.

Sasa nieleze jambo lenyewe la kitaalamu, kwa sababu kisa changu kimo humo. Katika kompyuta unaweza kuchukua mchoro mwingine ukauweka chini ya mchoro wako, kama tulivyokuwa tunalaza karatasi ya tresing juu ya ramani ya zamani. Ule wa chini tunauita mchoro wa rejea. Unauona, unaufuata, lakini si mali ya mchoro wako, na huugusi. Picha iliyopigwa kutoka ndegeni unaiweka vilevile, ukiibana kwenye alama unazozijua, daraja kwa daraja, kona ya stesheni kwa kona ya stesheni. Usipotaka ionekane yote, unaikropu. Unachora mstari kuzunguka sehemu unayoitaka, unafunga mstari, unatoa amri, na vyote vilivyo nje yake vinatoweka machoni. Havijafutika. Vimefunikwa tu, na ukiondoa ule mstari vinarudi kama vilivyokuwa. Lakini karatasi ikishachapwa, anayeitazama hana njia ya kujua kwamba kuna kitu kimefunikwa.

Mwaka wa tatu pale, kampuni ilipata kazi ya mwekezaji aliyetaka kulifufua shamba letu la zamani. Ramani za kale zikaletwa zimekunjwa kwenye bomba la bati. Nilipoivuta ya kwanza nikakuta saba zenye mkia. Ilikuwa Namba Saba. Nilienda nje kidogo, nikanawa uso bombani, nikarudi.

Niliichora upya kwenye kompyuta, kila kitu, lambo, njia ya mifugo, vitongoji viwili, nikaiweka iwe mchoro wa rejea chini ya mpango mpya wa mwekezaji. Meneja akaja akasimama nyuma yangu. Aliniambia nikropu ile rejea ibaki reli na barabara tu upande wa juu, na picha ya ndege nayo niikate vivyo hivyo.

Nilimwambia kwamba huku chini kuna lambo na njia ya wafugaji.

"Najua kuna vitu," alijibu kwa upole. "Ramani ikijaa vitu, mteja haisomi. Tunachora mpango, Bi Hadija, hatuchori historia."

Nikachora ule mstari. Ulikuwa na kona tano, na nakumbuka kila moja. Nikatoa amri, na Namba Saba ikawa nyeupe, safi, imegawanywa vipande vipya vilivyonyooka. Hakuna aliyenishika mkono. Watoto wangu walikuwa sekondari na niliuhitaji mshahara ule, lakini nisiwafiche, nilipoitazama ile karatasi ikitoka kwenye plota niliiona ni nzuri.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye ghala la zamani la katani. Meneja alinichukua nishike ramani na kuonyesha kwa kijiti. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na mwenyekiti wa kijiji mbele. Meneja alieleza vizuri juu ya ajira na barabara, na watu wakatikisa vichwa. Ndipo akainuka mzee wa wafugaji aliyeitwa Parmet. Alikuja mpaka mbele, akaegemea fimbo yake, akaitazama ramani mpaka watu wakaanza kukohoa. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza taratibu:

"Binti yangu, nimeiona reli. Nimeiona barabara. Sisi tuko wapi hapa?"

Meneja akajibu kwamba ramani hii inaonyesha mradi peke yake. Mzee Parmet hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na jibu lote kifuani, na nikanyamaza. Mzee akarudi kukaa. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu mwangalifu, akasema wananchi wapewe wiki moja wafikiri kabla ya kuridhia, na mkutano ukaahirishwa.

Asubuhi yake niliwahi ofisini, nikaufungua ule mchoro. Nilichagua ule mstari wa kona tano nikauondoa. Lambo likarudi, njia ikarudi, vitongoji vyote viwili vikarudi, mahali pake hasa. Nikaichapa ramani nzima kwenye karatasi kubwa, nikaiweka mezani kwa Meneja kabla hajafika. Alipoiona hakufoka. Aliniuliza nani ameniagiza, nikasema hakuna. Akakaa, akavua miwani, akanieleza jambo ambalo lilikuwa kweli: ile ramani ya zamani haikuwa na sahihi ya mpimaji. Ilikuwa nakala ya ofisini tu. Nikiipeleka mkutanoni, mwanasheria wa mwekezaji ataniuliza nani alipima, na nitasema nini?

"Nitasema Rafaeli," nilijibu.

"Yuko wapi huyo Rafaeli?"

Sikujua hata kama yu hai.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Mikumi. Nilishuka barabarani, pale malori ya kwenda Iringa na Mbeya yanapopumzika, nikaanza kuulizia mzee mrefu aliyekuwa mpimaji. Mama muuza ndizi alisema hamjui mpimaji, ila kuna fundi redio mrefu, nyuma ya gereji. Nilimkuta ameinama juu ya redio iliyofunguliwa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Nilisema shikamoo. Hakuinua kichwa, akaitika marahaba kama anavyoitikia wateja, kisha mikono yake ikasimama.

"Bi Hadija," alisema, bado anatazama redio.

Alinipa kigoda, akanunua chai. Nilimweleza yote, pamoja na kona tano na jinsi nilivyonyamaza mbele ya Mzee Parmet. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kusema kuliko yote. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliingia ndani, nikasikia sanduku la bati linaburutwa, akatoka na vitabu vya vipimo kumi na moja vimefungwa kwa kamba ya katani. Siku ya kupunguzwa alitakiwa aviache stoo, na stoo ile ilikuwa inavuja. Akavichukua.

"Nilidhani vitaliwa na mchwa mimi nikiwa nimekwisha kufa," alisema. "Mkutano ni lini?"

Siku ya mkutano alikuja amevaa buti zake. Mwanasheria wa mwekezaji alikuwepo na aliuliza kama ilivyotarajiwa, nani alipima njia hii. Bwana Rafaeli alisimama, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti yake ndogo, "Kutoka bikoni, jiwe la mpaka la kona ya kusini, mita mia mbili na kumi, mkuyu mkubwa. Hapo njia inageuka kushoto. Upana, mita thelathini." Aliposema mkuyu, sauti zikaanza kutoka pande zote mbili. Mtu mmoja upande wa wakulima akasema mnyororo aliushika yeye, na marehemu fulani alishika ncha ya pili. Mzee Parmet akainuka.

"Siku ile ulikunywa maziwa nyumbani kwangu," alimwambia Rafaeli, "ukalalamika yananuka moshi."

"Na leo nitalalamika tena," alisema Bwana Rafaeli.

Ghala zima likacheka, hata mwanasheria. Nami nikaitandaza ramani nzima ukutani na kuonyesha kwa kijiti, kitu kwa kitu, mpaka kila aliyetaka kujiona akajiona.

Mambo hayakwisha kama hadithi. Mwekezaji alikubali lambo na njia ya mifugo vibaki nje ya uzio wake, na yakaandikwa. Kitongoji cha juu kilibaki. Kitongoji cha chini hakikunusurika. Familia zake zilipewa eneo jingine upande wa Masanze, ardhi si mbaya, lakini si walikozaliwa. Nilikuwa nikikutana na mama mmoja wa huko gulioni Kilosa. Ananisalimu, kisha anatazama pembeni. Nisingekaa kimya siku ya kwanza, je, kingepona? Nimejiuliza sana.

Meneja hakunifukuza. Aliniambia nimemvunjia heshima mbele ya mteja, na kwamba mkataba wangu ukiisha hataendelea nao. Ulipokwisha alinipa mkono na barua nzuri ya sifa. Hata sasa simwoni kuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuitembea Namba Saba, basi.

Nikahamia Mikumi. Mimi na Bwana Rafaeli tulikodi chumba kando ya gereji, nikanunua kompyuta iliyotumika, tukaweka kibao cha upimaji na uchoraji wa ramani. Mji ulikuwa unakua kwa sababu ya watalii na malori, kila mtu anataka kiwanja, nyumba ya wageni, duka. Yeye alipima asubuhi kabla ya jua kali, mimi nilichora mchana. Kila ramani nilipomaliza niliichapa mara mbili: mara ya kwanza bila kukropu kitu, aitazame, na mara ya pili ya mteja. Alikuwa anaipeleka mlangoni kwenye mwanga, ingawa karatasi ile haikuwa ya kupitisha mwanga, anaigusa kwa kidole kwenye mashaka. Miaka saba tulifanya hivyo. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile.

Watu walisema mengi juu yetu. Yeye alikuwa Mkatoliki mseja, mimi Mwislamu mjane, na tulikula chakula cha mchana pamoja kila siku mlango ukiwa wazi. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu, mvua imetufungia ndani na umeme umekatika, aliniambia kuwa alipokuwa anachora vile vijipicha pembeni mwa vitabu vyake, havikuwa vya lazima kwenye vipimo.

"Nilikuwa nakuonyesha nilikopita," alisema.

Sikujibu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujibu, na sikujibu. Mvua ikaisha, akachukua darubini yake akatoka.

Alifariki masika iliyofuata, kwa homa ya siku nne. Ndugu zake walimchukua wakamzika kwao, upande wa Gairo. Niliendelea na kazi peke yangu miaka michache, mpaka macho yakaanza kuona mistari miwili palipo na mmoja, nikaona nisije nikampa mtu mpaka usio wake. Nikamwachia binti yangu mdogo ofisi, maana naye alisomea ramani, nikarudi Chanzuru.

Watu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Ninaikumbuka mikononi. Asubuhi ninapokunja mkeka hujikuta ninanyoosha ukingo wake uwe sambamba na ukuta. Binti yangu akija huniletea michoro yake, na mimi namwambia jambo moja tu, kwamba kabla ya kukropu aichape yote kwanza na kuiangalia, ajue anamfunika nani. Hucheka, lakini hufanya.

Kiangazi kilichopita nilimwomba anipeleke Namba Saba. Tulifika jua likiwa limepanda. Ng'ombe walikuwa wanashuka kwenda lamboni wakifuatana, na msichana wa kifugaji nyuma yao anapiga mluzi, wanapita katikati ya njia, hawaendi kushoto wala kulia, mpaka kwenye mkuyu. Pale kwenye mkuyu wakageuka kushoto wote, mmoja baada ya mwingine, mahali hasa alipoandika Bwana Rafaeli. Nikageuka kumwonyesha, na jina lake likanitoka mdomoni. Binti yangu akaniuliza, "Unasema nini, mama?" Nikamwambia sijasema kitu.